Sokoni bila karatasi

Nilihamia Dodoma mwaka 2017 na masanduku mawili, godoro moja, na kikapu cha ukindu alichonisukia mama yangu mzazi kule Muheza. Serikali ilikuwa imetangaza mwaka mmoja kabla kwamba safari hii inahama kweli, na sisi wahasibu tulikuwa miongoni mwa waliotangulizwa. Mke wangu alibaki Dar es Salaam na kazi yake, watoto wakabaki na shule yao, nami nikawa kapera wa kulazimishwa mwenye chumba na sebule Nkuhungu. Kikapu nilikitundika nyuma ya mlango na kukisahau. Dukani walikuwa bado wanatoa mifuko ya plastiki, maana marufuku yake ilikuja Juni 2019, kwa hiyo sikuona kazi ya kikapu.

Jumamosi ya kwanza nikaandika karatasi. Nyanya kilo moja, vitunguu nusu kilo, karoti, hoho, limao, giligilani, tui, yaani nazi mbili. Mtu wa Tanga hawezi kuandika mahitaji ya jikoni bila nazi, kama ambavyo hawezi kuanza safari bila kuaga.

Soko letu lile ni dogo. Ukisimama katikati unaliona lote: meza za mbao chini ya mabati na maturubai, akina mama wamekalia ndoo zilizopinduliwa, tenga la kuku pembeni, bodaboda mlangoni, na kwa nyuma mashine ya kusaga inayonguruma kutwa na kumwaga vumbi jeupe la unga juu ya vumbi jekundu la barabara. Nikaenda kwenye meza ya kona, kwa mama mmoja wa makamo, nikaanza kumsomea karatasi yangu kama mwalimu anayeita mahudhurio. Nyanya, zipo. Vitunguu, vipo. Giligilani?

"Giligilani leo hakuna, bosi. Chukua mgagani."

"Nazi?"

Akacheka, na jirani yake akacheka, na muuza kuku naye akacheka bila kujua kilichosemwa. Nazi ilikuwepo meza ya tatu, moja tu. Niliitikisa sikioni kama nilivyofundishwa utotoni, sikusikia maji. Imesafiri kutoka pwani ndani ya lori, ikapigwa jua, ikakaa hapo Mungu anajua siku ngapi. Niliinunua hivyo hivyo kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Nilipoivunja jioni ilikuwa ya njano ndani na ina harufu ya sabuni ya mche.

Wiki mbili zilizofuata nilinunua kwenye duka kubwa mjini, lile lenye jokofu za vioo na bei zilizobandikwa. Kila kilichokuwa kwenye karatasi kilikuwepo. Nyanya zake zilikuwa ngumu, zinalingana kama zimetoka kiwandani, na siku ya tatu zikawa nyeusi kitako zikiwa bado ngumu juu. Sitaki kusema mengi kuhusu duka lile. Nilikuwa nikiingia na kutoka bila kufungua mdomo, na kwa mgeni anayeishi peke yake hilo lilianza kunielemea kuliko hata hizo nyanya.

Nikarudi kwa mama wa kona. Jina lake siandiki hapa, kwani hajaniomba nimtangaze. Sokoni wengi wanamwita hivyo hivyo, kwa sababu ya meza yake.

Masomo ya kwanza yalinigharimu, na hayakutoka kwake. Sokoni kwetu nafaka zinauzwa kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne ambalo nchi nzima imelifanya kipimo. Siku moja nikiwa njiani kutoka kazini nilinunua maharage sado mbili kwenye soko jingine, kwa kijana aliyenichangamkia sana. Alijaza mpaka yakawa na kilima juu, akaongeza na konzi moja kwa mbwembwe. Nikaondoka nikijiona mjanja. Nyumbani nikayamimina kwenye ndoo ninayoijua ujazo wake, nikakuta pungufu. Siku nyingine nilipita tena nikamwomba anionyeshe kopo lenyewe. Lilikuwa limegongwa kitako kwa nyundo hadi likaingia ndani kama sahani. Juu kilima, chini shimo. Tangu siku ile, kabla kopo halijajazwa, natia mkono ndani napapasa chini. Hakuna muuzaji mwaminifu anayekasirika ukifanya hivyo. Wengine hukugeuzia kopo wenyewe kabla hujaomba.

Fungu nalo lina kusoma kwake. Mama wa kona hupanga nyanya nne chini na moja juu, na mwanzoni niliona ni nyanya tano basi. Baadaye nikawa namtazama anavyopanga asubuhi. Anaokota nyanya, anaizungusha kiganjani mara moja, kidole gumba kinapita juu ya ngozi kama anafuta miwani. Zile zenye ulaini hazitupi wala hazifichi. Anazitenga kwenye beseni la chini, bei yake nusu, na akina mama ntilie huja kuzichukua saa tatu asubuhi kwa ajili ya mchuzi. Majirani zake wawili watatu hufanya tofauti: kubwa zinatazama njia, ndogo zinatazama muuzaji. Sasa kabla ya kuuliza bei nazunguka upande wa pili wa meza, kana kwamba naangalia kitu kingine. Wananijua, wananicheka, lakini nazunguka.

Na kuna bosi. Neno hili nililipokea kwa furaha mwezi mzima kabla sijagundua kwamba ni jina lenye ushuru ndani yake. Fungu la mchicha ambalo dada aliyenitangulia amelipa mia mbili, kwa bosi lilikuwa mia tatu. Sikulalamika, maana shati langu lilikuwa na mikono mirefu na kitambulisho kinaning'inia shingoni; hata mimi ningemtoza mtu yule. Mwaka 2018 mji ulipotangazwa kuwa jiji, kitu nilichokiona kikibadilika sokoni kwetu ni idadi ya watu wanaoitwa bosi.

Ubosi wangu uliisha kwa sababu ya chenji. Ilikuwa jioni, nimechukua vitu vya elfu moja na mia tano, na mfukoni nina noti ya elfu kumi peke yake. Mama wa kona akaangalia kwenye kibindo, akaangalia kwa jirani, hakuna. Nikaanza kurudisha vitu mezani. Akanizuia kwa mkono.

"Nenda kapike. Utaleta kesho."

Akageuka, akachukua kipande cha mkaa, na kwenye ubao wa nyuma wa meza yake akachora kitu. Niliinama kuangalia. Ubao mzima ulikuwa na michoro: nyota, jembe, kitu kama baiskeli, herufi moja moja, na mbele ya kila mchoro mistari midogo ya wima. Mchoro wangu ulikuwa duara mbili zilizounganishwa kwa kijistari. Miwani. Mbele yake mistari mitatu, kila mstari mia tano. Mimi nimesomea kazi hii kwa miaka, nimekagua vitabu vya watu wenye shahada, na sijawahi kuona daftari la wadaiwa linalosomeka kwa urahisi namna ile. Kulipa deni ni kupitisha kidole gumba chenye mate.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa pale na elfu na mia tano kamili. Alikuwa ndiyo kwanza anashusha matenga aliyotoka kuyachukua soko la Majengo, ambako magari hushusha alfajiri. Akafuta miwani yangu ubaoni. Nikanyoosha mkono kwenye nyanya, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha fika.

"Leo nyanya usichukue, mwanangu. Hizi zimenyeshewa njiani kutoka Ilula. Ni za kupika leo leo, na wewe unapika mara mbili kwa wiki. Subiri Alhamisi."

Nilikaa na maneno yale siku nzima ofisini. Muuzaji ameniambia nisinunue mali yake mwenyewe, na amejua bila kuniuliza kwamba napika mara mbili kwa wiki. Sikumbuki kama kuna mtu mwingine Dodoma nzima wakati ule aliyekuwa anajua hilo.

Hapo ndipo karatasi ilipoanza kufa, taratibu. Kwanza niliacha kuandika idadi. Halafu niliacha kuandika majina ya mboga nikawa naandika "mboga". Mwishowe nikawa naiacha nyumbani, nashika kikapu, nafika na kuuliza swali moja: "Mama, leo kuna nini?" Nimekuja kuona kwamba starehe yote ya soko dogo imo ndani ya swali hilo. Karatasi inakufanya uone tu vile ambavyo havipo. Ukienda bila karatasi kila kitu kilichopo ni habari.

Na Dodoma ina habari zake, ila huwezi kuzijua kwenye duka la jokofu ambako kila mwezi ni mwezi uleule. Huku mvua ni msimu mmoja, inaanza Desemba au mwishoni mwa Novemba, ikifika Aprili imekwisha, na iliyobaki ni jua na upepo. Kwa hiyo meza ya mama wa kona ni kalenda. Januari mvua zikishika, majani ya kunde na majani ya maboga yanajaa mpaka yanamwagika chini, bei ya kutupa. Machi na Aprili mahindi mabichi, karanga mbichi za kuchemsha, na njugu mawe zikiwa bado na udongo wa shambani. Njugu mawe nilizijua zikiwa kavu tu, ngumu kama jina lake. Zile mbichi, ukizichemsha na maganda yake kwa chumvi, unakaa na bakuli mlangoni unabonyeza moja moja mpaka giza linaingia. Zabibu zinakuja mara mbili, kuanzia Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, na vijana wanazitembeza kwenye ndoo. Onja kwanza, kwa sababu nyingi zimelimwa kwa ajili ya mvinyo na zinaweza kukufunga taya. Siku nyingine anapita mtu na perege wa bwawa la Mtera waliokaangwa wakakauka, na mafuta ya alizeti yanauzwa kwenye chupa za maji zilizotumika. Unainua chupa juani kuona mashapo yametulia kiasi gani.

Kisha inakuja Julai. Upepo unapiga, mchicha unapungua na kupanda bei, na akina mama wanafanya kazi ya kuulinda kama mgonjwa: wameufunika gunia bichi, na kila baada ya muda wanaunyunyizia maji kwa chupa iliyotobolewa kizibo kwa msumari. Mwaka wangu wa kwanza Julai ilinikera sana. Nilirudi kuulizia giligilani.

"Wewe unatafuta kijani wakati wa ukavu," mama wa kona akaniambia. Akanyoosha mkono kwenye beseni lililokuwa pale siku zote, ambalo mimi nilidhani lina dawa. Unga wa kijani kibichi kilichofifia, karibu na rangi ya jani la mbuyu lililokauka. Mlenda.

Sisi watu wa pwani mlenda tunaujua, lakini tunaujua mbichi. Wagogo, wenyeji wa huku, wanauchuma porini na mashambani mvua zikiwepo, wanaukausha, wanautwanga, na unga ule unakaa mwaka mzima. Katika nchi ambayo mvua haina ahadi, hiyo ndiyo jokofu. Akanipimia kikombe kimoja kwenye kipande cha gazeti, akanipa na maelezo: maji yachemke na chumvi na nyanya moja, nyunyiza unga kidogo kidogo huku unakoroga, sufuria usiifunike, mwisho tia karanga zilizotwangwa.

"Karanga?"

"Si unalilia nazi kila siku? Karanga ndiyo nazi ya huku."

Nilipika huku simu imebanwa begani, mke wangu upande wa pili ananiuliza kama nimepatwa na nini. Mara ya kwanza ulikuwa maji. Mara ya pili ulikuwa gundi. Mara ya tatu, na ugali wa uwele niliosagiwa pale pale mashine ya nyuma, nilikula nikanyamaza. Nikajiona mwenyeji kiasi kwamba wiki iliyofuata nilinunua mlenda wa bei rahisi zaidi kwa mtu aliyekuwa anapita na baiskeli, ili niweke akiba ya miezi miwili. Tonge la kwanza mchanga ukalia menoni. Majani yalianikwa bila kuoshwa, na ukishatwanga huna namna, huwezi kuosha unga. Nilipomsimulia mama wa kona hakunihurumia hata kidogo. Alisema wa kwake unaanikwa juu ya mwamba na wifi yake, na mwamba wenyewe unafagiliwa. Kisha akamwita muuza kuku, akamsimulia habari yangu kwa Kigogo kwa kirefu kuliko nilivyomsimulia mimi, na wote wawili wakafuta machozi.

Kigogo chenyewe nimeambulia kidogo. Nikifika nasema "mbukwenyi" kwa meza nzima, nikiulizwa hali nasema "swanu", na baada ya hapo naishiwa. Lakini hata hayo mawili hukutana na fungu lililoongezwa kitunguu kimoja. Nyongeza ina adabu yake pia: huombi kabla ya kulipa, na huombi kwa mtu ambaye hajauza kitu siku hiyo. Hilo la pili hakuna aliyeniambia. Nilimwomba nyongeza dada mmoja wa bamia saa moja asubuhi, akanipa, na uso wake ukanifundisha.

Kuna mambo ya soko lile siyapendi, nisije nikaonekana nimelogwa. Mvua kubwa ikinyesha njia ya katikati inakuwa matope matupu. Choo ni kimoja. Akina mama wanaanika mgongo juani tangu asubuhi mpaka jioni kwa faida ambayo nimeipigia hesabu mara moja kichwani na sikutaka kuipiga tena. Hata wao wanapigwa kwenye vipimo: tenga linafunguliwa, juu nyanya nzuri, katikati na chini viduchu. Gunia la vitunguu linakuja na lumbesa, ule ujazo wa ziada unaoshonewa kichwani, au linakuja bila lumbesa na bei ileile. Nimemsikia mama wa kona akimfokea dalali kwa simu kwa lugha tatu.

Mama yangu mzazi alikuja kunitembelea Aprili ya mwaka 2022. Alishuka stendi na begi la nguo na kiroba, na ndani ya kiroba nazi nane, kwa sababu miaka yote mitano alikuwa anaamini kwamba mwanawe anakufa njaa. Siku ya pili nikampikia majani ya kunde kwa karanga. Alikula kimya. Akaongeza. Akaniuliza nani kanifundisha, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua mwizi ni nani.

Asubuhi yake akachukua kikapu chake mwenyewe nyuma ya mlango, akatia nazi tatu, akataka apelekwe. Mimi nilikuwa na kazi, nikamwacha pale kona, nikawatambulisha kwa maneno mawili. Niliporudi saa saba kula, nilimkuta hayupo nyumbani. Nikaenda sokoni. Alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, upande wa ndani wa meza, anapanga mafungu ya nyanya. Kubwa zilikuwa zinatazama njia. Mama wa kona alikuwa anazipangua nyuma yake, taratibu, bila kumwambia.

Aliondoka baada ya wiki mbili na sado nzima ya mlenda. Jumamosi iliyofuata nikafika kwenye meza, kikapu mkononi, nikauliza kuna nini. Mama wa kona hakujibu. Akainama chini ya meza, akatoa zile nazi tatu, nzima kama zilivyokuja, akaziweka juu ya mchicha.

"Mama yako kaniachia hizi. Kasema nisizichemshe."

Nikaanza kumweleza. Unavunja, maji unakunywa, unakuna, unatia maji ya vuguvugu, unachuja. La kwanza ndilo tui zito unaliweka pembeni, la pili jepesi ndilo la kuivishia. Watu wawili wakasimama kusikiliza. Nilikuwa nimenoga, naonyesha kwa mikono.

"Unakuna kwa nini?" akauliza.

"Kwa mbuzi."

Akanitazama, akamtazama muuza kuku, akarudi kwangu.

"Mwanangu, mbuzi nyumbani ninao saba. Hakuna hata mmoja niliyemwona ana akili hiyo."

Nikaacha kikapu pale pale mezani, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani kuchukua kibao.